Mtangazaji Aliyezima Mtambo

Kama umewahi kufiwa Kisii hii, basi Nehemiah Obwocha amekutangazia. Ndiye yule mwenye pikapu ya samawati na spika mbili juu, anayepita asubuhi akisema fulani wa ukoo fulani ametuacha, mazishi ni Ijumaa, kwaya zote zifike mapema. Mimi nauza vitambaa mjini, duka la marehemu baba yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa namlaani kimoyomoyo kila akipita. Akisimama mbele ya duka langu hakuna mteja anayesikia bei.

Mtu mwenyewe hakuanza na makelele. Alizaliwa Nyamarambe, akaacha shule mapema, akajifundisha kutengeneza redio kwenye kibanda cha mabati pale sokoni. Kanisa moja likamletea mtambo wa sauti uliokuwa umekufa, akaufufua, wakamwambia auchukue kwa sababu walishanunua mwingine. Hapo ndipo alipopata kazi ya maisha. Ng'ombe akipotea, Nehemiah. Harambee, Nehemiah. Msiba, Nehemiah. Akajenga boma zuri, akazaa, akaozesha, na kila mtu Nyamarambe akimtaja anaongeza kwamba ni mtu wa chinsoni.

Neno hilo kwa Wagusii ni zito. Mimi ni Msomali wa Kisii, nimezaliwa hapa, Ekegusii naongea mpaka watu wanasahau jina langu ni Deka, lakini chinsoni ilinichukua muda kuielewa. Ni ile haya ya heshima kati ya wazazi na watoto, na zaidi kati ya wakwe. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata kukinyesha. Mkaza mwana hampi baba mkwe mkono, hakai naye kiti kimoja, wala hataji mbele yake jambo lolote la mwili. Akiwa na shida anamwambia mama mkwe, na mama mkwe ndiye anayeifikisha mbele. Sitawacheka, nasi tuna zetu. Ila mke wa Nehemiah alifariki kipindi kile cha korona, na hakuna aliyefikiri kwamba siku walipomzika yule mama, njia nayo ilifungwa.

Sasa mimi na Nehemiah tulikutana vipi? Kwa msiba, kama watu wote. Kaka yangu alikuwa na mtoto anaitwa Abdinasir. Alivimba taya. Tukamng'oa jino, uvimbe ukabaki, tukamng'oa lingine. Tulipofika hospitali kubwa wakatuambia ni saratani, na kwamba ya aina ile mtoto akiwahiwa hupona. Hatukuwahi. Mwalimu wake, Edinah, mama mmoja wa Kiogoro ambaye sasa ni mstaafu, alikuja kunipa pole dukani, tukalia, halafu akaniambia kulia peke yake hakutoshi. Ndivyo kikundi chetu kilivyoanza. Hatuna ofisi. Tunakutana kati ya mabunda ya vitambaa, na siku za soko tunatoka kuwaambia akina mama dalili: taya linalovimba, jicho linalong'aa weupe kwenye picha ya simu, michubuko kwa mtoto ambaye hajaanguka, tumbo gumu upande mmoja, damu kwenye mkojo. Familia inayofika hospitali ya rufaa tunaiomba ikubali kuzungumza na watafiti wa huko, wanaotaka kujua kwa nini watoto wa kwetu hufika wakiwa wamechelewa.

Tulihitaji sauti, nikameza kiburi changu, nikaenda kumwomba Nehemiah bei ya kukodi mtambo. Alisikiliza habari za Abdinasir mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama Ismael," akaniita kwa jina la mwanangu, "nimechoka kutangaza majeneza mafupi. Hii nitafanya bure."

Basi akaingia mzima mzima. Na wallahi alikuwa na kipaji. Edinah anafundisha kama darasani, mimi nafoka, lakini Nehemiah akishika maiki hata wauza ndizi wanaacha kuuza. Anachekesha, anatania wazee, halafu katikati ya kicheko anakuchoma na jambo lenyewe. Methali yake ilikuwa moja: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Na akiona akina mama wanasitasita kuuliza, anawaambia, "Sema, mama, usione haya. Hapa sokoni hakuna baba mkwe, hakuna mkaza mwana. Kuna mtoto mgonjwa tu." Watu wanacheka, mama mmoja anainua mkono, na maswali yanaanza kutiririka. Nilijivunia kuwa naye, nikasahau kwamba niliwahi kumlaani.

Mwaka huu msimu wa kupanda tulikuwa Nyamarambe, sokoni kwao hasa. Umati ulikuwa mkubwa kwa sababu mwenyeji ndiye anaongea. Edinah alikuwa akizunguka na maiki ya pili, akimpa anayetaka kuuliza. Nyuma kabisa alisimama mwanamke kijana aliyejifunga leso mpaka kwenye paji la uso, ameshika mkono wa mtoto wa kike. Edinah akampa maiki. Mwanamke akasalimu, akasema, "Nina mtoto msichana. Nimeona akikojoa..."

Mtambo ukakata. Nikageuka, nikamwona Nehemiah ameinama kwenye pikapu, mkono juu ya swichi. Akasema betri imeisha. Edinah akataka tuendelee kwa midomo, lakini mzee alishaanza kukunja nyaya, hataki kumtazama mtu, na soko lina tabia yake, ukinyamaza kidogo tu linarudi kwenye nyanya zake. Nilimtafuta yule mwanamke nikamkosa. Nikadhani amechoka kungoja, na kwamba tutamwona soko lijalo.

Kumbe alikuwa Joyline, mke wa Duncan, na Duncan ni mtoto wa Nehemiah. Mtoto aliyemshika mkono ni Kemunto, mjukuu wake. Haya yote niliyajua baadaye, na nitayasimulia kama Joyline mwenyewe alivyoniambia.

Kemunto alianza kukojoa mkojo mwekundu Jumapili ya Pasaka. Wakaenda dispensari, wakapewa dawa, wekundu ukakatika, kisha ukarudi. Joyline akampigia simu mumewe, fundi wa mawe huko Naivasha. Duncan akamwambia mambo hayo baba yake ndiye anayajua, lakini yeye hawezi kumtajia baba yake mkojo wa mtoto wa kike, wala Joyline asithubutu nyumbani. Wakawaza pamoja kwenye simu. Hatimaye Duncan akapata akili, na mpaka leo nikiikumbuka akili ile nataka kucheka na kulia. Nenda sokoni, akamwambia. Pale yeye ni mtangazaji. Mwenyewe husema sokoni hakuna baba mkwe.

Maskini, walimwamini. Joyline akajifunga leso ili asimkwaze, akasimama nyuma ili asimkaribie, akafanya kila kitu kwa adabu aliyofunzwa. Na Nehemiah, kusikia sauti ile inatamka neno lile mbele ya soko lililomjua tangu utotoni, akaona watu wameanza kugeuka kumtazama, na akaona amevuliwa nguo. Akazima.

Jioni ile hakumuuliza neno. Asingeweza. Alimtuma mzee wa ukoo wao, Mokua, ampelekee ujumbe mlangoni: umemwaibisha mzee mbele ya soko, rudi kwenu Sironga, siku mtakapokuja na wazee wenu na mbuzi wa kutuliza jambo hili, utapokelewa. Joyline akambeba mtoto akaenda, na Duncan huko Naivasha hakuthubutu kumpinga baba yake. Kwao wakamwonea haya nao, mwana aliyerudishwa kwa kukosa adabu. Tumbo la mtoto lilipoanza kuinuka wakamkanda kwa mafuta, wakamchemshia majani, wakamwombea. Baba yake Joyline akawa anatafuta mbuzi. Mahindi yaliyopandwa wiki ile yakaota, yakapaliliwa, yakabeba, watu wakaanza kuchoma mabichi.

Sisi hatujui lolote. Tunaendelea na masoko yetu, na Nehemiah anaendelea kusema usione haya. Tulipopanga kwenda Sironga, upande wa Nyamira, kwenye uwanja wa kanisa moja, akasema gari ni gonjwa. Mimi na mdomo wangu nikamtania: gari gani linalougua njia ya Nyamira peke yake, au mzee ameiba ng'ombe huko? Akanitazama hivi, hakucheka. Asubuhi akaja na pikapu.

Alianza vizuri, kama kawaida yake. Alikuwa amefika kwenye habari za tumbo wakati mtoto alipojitokeza kati ya watu. Alikuwa amekwisha mwili, mikono imekuwa vijiti, tumbo tu ndilo limebaki, na alikuwa akitembea polepole moja kwa moja kuelekea kwenye maiki. Watu wakampisha. Kati ya mjukuu na babu hakuna chinsoni, ni utani mtupu. Nehemiah alikuwa akimwita "mke wangu mdogo," na Kemunto akimvuta ndevu mbele ya wageni. Alipomwona uso ukamchanua. Akamnyanyua kwa mkono wa kushoto, maiki kulia, akaendelea kuongea huku anatabasamu.

"Na ukimbeba mtoto hivi," akasema, "ukasikia upande mmoja mgumu..."

Hakumaliza. Niliuona mkono wake ukisimama ubavuni mwa mtoto. Watu wakangoja, wengine wakidhani ni mchezo wake. Kemunto akaegemeza kichwa karibu na maiki, na uwanja mzima ukasikia.

"Sokoro, hapo panauma."

Sokoro ni babu. Nehemiah alimkabidhi Edinah maiki kama mtu asiyejua ni kitu gani, akabaki amemshika mtoto. Nikatupa macho nikamwona mwanamke kwenye ua wa kanisa, amegeuza uso pembeni, amejifunga leso ileile mpaka kwenye paji. Nikamwendea. Nikamuuliza mtoto ameanza lini kuumwa na kwa nini hakutwambia.

"Niliuliza, mama," akanijibu kwa upole, bila kunilaumu. "Nyamarambe. Akazima."

Hapo ndipo aliponieleza yote niliyokwisha kusema. Nilimfuata Nehemiah nyuma ya pikapu, nikamuuliza swali moja tu: siku ile betri ilikuwa imeisha?

"Ilikuwa imejaa," akasema.

Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mwanamume wa rika lake. Nilimwambia sisi tulimzika Abdinasir kwa kutojua, lakini yeye anajua, anawafundisha watu, na kwa mkono wake amezima. Nilimwambia heshima gani hii inayouogopa mkojo wa mtoto isiliogope jeneza lake. Hakujitetea. Alisimama pale akipokea, na mimi nilikuwa nataka ajitetee ili nizidi kufoka. Mwisho nikaishiwa.

Tukaondoka vilevile kwenda hospitali, mkutano tukamwachia Edinah. Na hata hapo, jamani, chinsoni ilitangulia kupanda gari. Joyline alitaka kukaa nyuma na spika, mtoto mapajani, kuliko kukaa karibu na mzee. Ilibidi mimi nibanane katikati yao njia nzima, huyu anatazama dirisha lake na huyu anatazama barabara, mtoto amelala mapajani mwangu na mwa mama yake.

Kutoka pale tulitumwa hospitali kubwa ya rufaa, mbali na kwetu. Ilikuwa figo. Daktari, mwanamke mpole, alitueleza bila kutuficha. Saratani ya figo kwa mtoto ikikutwa ingali ndani ya figo, wengi wanapona. Ya Kemunto ilikuwa imetoka na kufika kwenye mapafu. Watamtoa figo ile, watampa dawa kali, bado kuna tumaini, ila njia imekuwa ndefu na hawezi kuahidi. Nehemiah alikuwa amesimama mlangoni, kwa kuwa Joyline alikuwa ndani. Akauliza ingekuwaje kama mtoto angeletwa wakati wa kupanda. Daktari akasema, "Ingekuwa rahisi zaidi, mzee." Nehemiah akashukuru, akatoka nje, akakaa chini kando ya ukuta na kufunika uso kwa kofia yake. Watu walikuwa wakimpita. Sikumwendea.

Tangu siku hiyo hakushika maiki tena. Watu walifiwa, wakamwendea, akawaelekeza kwa watu wengine. Pikapu ikabaki kwenye boma imefunikwa turubai. Soko la Nyamarambe alilikwepa, akawa ananunua chumvi kwa jirani. Habari za yule mbuzi wa kutuliza jambo alikataa kuzisikia. Alimtuma tena Mokua Sironga, safari hii kuomba msamaha kwa wazazi wa Joyline, lakini kwa Joyline mwenyewe hakuna neno lililopita. Kila juma alipanda gari kuleta uji na matunda hospitalini, anaviacha mlangoni mwa wodi, anamsubiri Kemunto atoke na ile chupa ya dawa inayoning'inia, wanataniana kidogo kwenye veranda, anarudi. Joyline akimwona anainuka na kujitenga. Adabu ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe, na nadhani hiyo ndiyo iliyomtesa zaidi.

Kemunto alitolewa figo. Nywele zikaisha. Picha za mapafu zilionyesha madoa yamepungua, hayajakwisha, na daktari hakutaka kusema zaidi ya hapo.

Ndipo wale watafiti walipofika kwenye zamu ya familia yetu. Nasema yetu, kwa sababu nilikuwa nimeshakuwa mtu wa pale. Alikuja msichana mmoja wa chuo kikuu, mwenye heshima, akatuweka kwenye chumba kidogo kando ya wodi. Joyline aliniomba nikae naye. Msichana akaweka simu mezani irekodi, akaeleza kwamba majina hayatatajwa, kwamba wanakusanya sauti za wazazi ili hospitali na serikali zijue ni nini kinachowachelewesha watoto. Nehemiah alikuwa kwenye veranda na chupa yake ya uji, mlango uko wazi.

Maswali yakaenda vizuri, mpaka msichana akafika kwenye lile lenyewe. Tangu mama alipoona damu mara ya kwanza mpaka mtoto kufika hapa, miezi imepita. Ni nini kilichowachelewesha?

Joyline akatazama sakafu. Akasema ni mvua, barabara ilikuwa mbaya. Akasema yeye hana elimu, hakujua kama ni ugonjwa mkubwa. Akasema kosa ni lake, angekuwa mwerevu angekuja mapema. Halafu akaongeza kwamba baba mkwe wake aliwasaidia sana, ndiye aliyewaleta kwa gari lake, na bado analeta chakula. Maneno ya mwisho yalikuwa kweli, na yale ya kwanza aliyatoa kumfunika mzee, kwa sababu mke mwema havui nguo za baba wa mumewe mbele ya wageni. Nilifungua mdomo.

Lakini Nehemiah alishaingia. Aliingia chumba alichokaa mkaza mwana wake, akaketi kwenye benchi aliyokaa yeye. Joyline akataka kusimama.

"Keti, mwanangu," akamwambia. Kisha akamgeukia msichana. "Futa hiyo ya mvua. Huyu mama aliuliza mapema. Aliuliza mbele ya soko zima, na mtambo ulikuwa wangu. Nilisikia ametaja mkojo, nikaona aibu ya watu, nikauzima. Halafu nikamfukuza nyumbani."

Msichana akaitazama simu, akaomba radhi. Sauti ya mzee ilikuwa ndogo mno, haikushika. Angeweza kurudia, akisogea karibu kidogo?

Niliona mishipa ya shingo ikimsimama. Mtu huyu nusu ya Kisii inaijua sauti yake. Akasogea, akarudia kila neno kwa sauti ya kawaida, na kule wodini akina mama wakanyamaza wakasikia. Msichana akamshukuru, akazima simu, akatoka kuchukua maji, nafikiri alitaka tu kutupisha.

Tukabaki watatu. Joyline alikuwa amegeuza uso ukutani. Nilidhani analia, kumbe alikuwa akijikaza kusema.

"Ilianza Jumapili ya Pasaka, baba," akasema kwa ukuta. "Tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Alikojoa nyuma ya jiko, akaniita nione."

"Ilikuwa nyingi?" Nehemiah akamuuliza.

"Ilikuwa kidogo, kama maji ya nyama. Nilifikiri amekula kitu."

Akamwambia yote, ya mkojo, ya choo, ya tumbo lilivyokuwa likivimba huko Sironga, ya usiku mtoto alivyokuwa akimwita sokoro. Nehemiah hakumkatiza. Alikaa kwenye benchi ile, mikono katikati ya magoti, machozi yakimshuka wala hayafuti, akamsikiliza mpaka akamaliza.